Kaka ameacha unga, mbona mimi ndiye ninayeugua sasa?

Swali:

"Nina miaka 31, nimeolewa, naishi Mwanza na mume wangu na mtoto wetu mmoja. Nyumbani kwetu ni Kinondoni, Dar es Salaam. Kaka yangu mkubwa alianza kula unga (heroini) nikiwa darasa la sita. Tulipitia yote: mtungi wa gesi kuuzwa, simu za wageni kupotea, mama kulala na pochi chini ya mto. Nikiwa kidato cha pili walikuja usiku watu wawili waliokuwa wanamdai. Kaka akaruka ukuta akakimbia. Mama alikuwa msibani Bagamoyo, nyumbani nilikuwa mimi na mdogo wetu wa miaka sita. Mmoja alinikaba shingo ukutani akiuliza kaka yuko wapi, mwenzake akabeba televisheni. Kilichofuata sikikumbuki vizuri. Nakumbuka mlio wa geti na harufu ya sigara. Mama aliporudi nilimwambia tumeibiwa, basi. Sijawahi kumweleza mtu, hata mume wangu.

Sasa kaka alikaa soba hausi, nyumba ya watu wanaoacha dawa za kulevya, na huu ni mwaka wake wa pili anakunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, pale hospitali ya Mwananyamala. Amenenepa, anafanya kazi, kila mtu anamshukuru Mungu. Miezi michache iliyopita alinipigia kuniomba msamaha kwa yote. Nikamwambia 'yameisha kaka,' nikakata simu, nikaenda kutapika. Tangu siku hiyo silali. Geti likigongwa moyo unataka kutoka. Mume wangu akinigusa shingoni naruka. Nimeanza kununua vidonge vya usingizi duka la dawa. Na sasa kikao cha familia kimeamua kaka aje kukaa kwangu, awe mbali na maskani yake ya zamani, kwa sababu mimi 'ndiye mwenye moyo.' Shangazi anasema nina jini, nisomewe. Kaka amepona, mbona mimi ndiye ninayeugua? Ni chuki? Na ile sehemu nisiyoikumbuka, niitafute?"

Jibu:

Dada yangu, niondoe kwanza lile neno ulilojihukumu nalo. Hii si chuki. Mtu mwenye chuki na ndugu yake hapati shida ya kutapika baada ya kumwambia yameisha. Ulichopata ni mwili kukataa kitu ambacho mdomo umelazimika kukisema. Mdomo ulifanya kile ulichofundishwa tangu utotoni: kumtuliza kila mtu, nyumba isiwake moto. Mwili haukufundishwa hivyo, na sasa unadai zamu yake ya kusikilizwa.

Umeandika kuwa kaka amepona na wewe ndiye unayeugua, kama vile mambo hayo mawili yanapingana. Mimi ninayaona yakifuatana. Kwa miaka yote ambayo alikuwa mtaani hukuwa na nafasi ya kuumwa. Kulikuwa na mama wa kulindwa, mdogo wa kupelekwa shule, ada ya kutafutwa, siri ya kufichwa. Mtu aliye katikati ya hatari hutumia nguvu zake zote kuivuka. Hatari inapopungua, nguvu zile zilizokuwa zimeshikilia mlango zinalegea, na kilichokuwa nyuma ya mlango kinatoka. Katika kazi yangu hili ninalikuta mara nyingi kwa dada na wadogo wa watu walioacha dawa: wanaanguka mwaka ambao familia inasherehekea. Wanaona aibu, kwa sababu hakuna anayetarajia waanguke wakati huo, na hakuna anayewauliza.

Sasa tuuangalie usiku ule wenyewe, maana ndiyo kiini cha barua yako, ingawa umeuweka katikati na kuupita haraka.

Binadamu anapokabwa shingo, ubongo hausubiri kufikiri. Kuna sehemu ndogo ndani ya ubongo, kitaalamu inaitwa amigdala, ambayo kazi yake ni kupiga king'ora. Inauamuru mwili umwage homoni za hofu, moyo unakwenda mbio, misuli inajikaza kwa kukimbia au kupigana. Na pale ambapo kukimbia hakuwezekani na kupigana ni kujiua, mwili unaganda. Sauti haitoki, mikono haiinuki. Wengi waliopitia hali hii hujilaumu maisha yao yote: kwa nini sikupiga kelele, kwa nini sikumbeba mdogo wangu nikatoka naye? Wewe hukuandika swali hilo, lakini nitashangaa kama halikuamshi usiku. Kuganda si uoga wala si kukubali. Ni jibu la mwili ambalo halipitii kwenye uamuzi wako, na kwa msichana wa kidato cha pili mbele ya wanaume wawili huenda ndilo lililokuacha hai.

Hofu kali namna hiyo huharibu pia namna kumbukumbu inavyoandikwa. Kwa kawaida sehemu nyingine ya ubongo, hipokampasi, ndiyo inayolipa tukio tarehe na mahali, na kulipanga lipi lilitangulia na lipi lilifuata. Homoni za hofu zinapofurika, mpangilio huo unavurugika, na vinavyobaki ni vipande: mlio, harufu, mguso. Vipande hivyo havina tarehe. Ndiyo maana geti la jirani likigongwa Mwanza leo, mwili wako haukuambii "nimekumbuka jambo la zamani." Unakuambia wamekuja. Mkono wa mumeo shingoni, hata uwe wa upendo namna gani, unafika kwanza kwenye king'ora kabla haujafika kwenye akili inayomjua mumeo. Mweleze hivyo. Waume wengi huchukulia kuruka kule kama kukataliwa, na ndoa inaumia kwa jambo ambalo halihusiani nayo kabisa.

Unauliza kuhusu sehemu usiyoikumbuka. Jibu langu ni la moja kwa moja: usiitafute. Inawezekana haikuandikwa kamwe, kwa sababu ubongo ulikuwa umezidiwa. Inawezekana ipo na umejizoeza kutoisogelea. Inawezekana kulikuwa na jambo zito zaidi ndani yake, na inawezekana hapakuwa na jambo lolote zaidi ya ulivyoandika. Hakuna mtaalamu mwaminifu atakayekuambia ni ipi kati ya hizo kwa kukuangalia tu. Kumbukumbu ya binadamu hubadilika kila inapoguswa, na mtu anayekubana kwa maswali kama "jaribu kukumbuka, lazima kuna kitu alikufanyia" anaweza kupanda picha ambayo haikuwepo, nawe ukaiamini na kuteseka nayo. Mkimbie mshauri, kiongozi wa dini au mganga yeyote atakayeahidi kukufunulia kilichotokea. Habari njema ni kwamba tiba haihitaji kipande hicho. Inafanya kazi na kile unachokikumbuka tayari, na hicho kinatosha. Kama siku moja kitajitokeza chenyewe, utakuwa na mtu wa kukaa nacho pamoja.

Lakini lingekuwa kosa kuliangalia jambo hili kama la usiku mmoja. Ule usiku ulitua juu ya miaka. Nyumba yenye mtu anayekula unga huzunguka yeye: amerudi, hajarudi, ana arosto (maumivu ya kukosa unga), ametoka na nini mkononi. Watoto wengine hujifunza kusoma hatua za miguu uani kabla hawajaona uso. Na katika nyumba kama hiyo lazima apatikane mtoto asiye na shida, yule ambaye mama akimtazama anapumua. Huyo ulikuwa wewe. Ulifaulu, ulinyamaza, ulisema tumeibiwa. Ukawa mzazi wa mdogo wako, na kwa namna fulani mzazi wa mama yako, ungali na sare ya shule. Kila mtu alikusifu, na sifa hiyo ndiyo iliyokufungia mlango wa kulia. Leo kikao cha familia kinaposema wewe ndiye mwenye moyo, kinakurudisha kwenye nafasi ileile kwa maneno matamu.

Utafiti mkubwa uliofanyika California kwa zaidi ya watu 17,000, ambao matokeo yake ya kwanza yalitoka mwaka 1998 chini ya madaktari Felitti na Anda, uliorodhesha mambo ya utotoni yanayoacha alama kwenye afya ya mtu mzima. Kuishi nyumba moja na mtu mwenye uraibu ni mojawapo, bila kujali kama mtu huyo aliwahi kumnyanyulia mtoto mkono. Ninakutajia hili kwa sababu ninahisi unajiambia kuwa kaka hakukupiga, aliyekukaba ni mtu mwingine, kwa hiyo huna haki ya kusema uliumizwa na uraibu wake. Haki unayo.

Kuna maumivu mengine ambayo hukuyataja kwa jina lakini yamejaa kwenye barua. Ulimpoteza kaka ukiwa darasa la sita, na hakuna aliyetandika jamvi. Mtaalamu wa masuala ya familia wa Marekani, Pauline Boss, alianza miaka ya 1970 kwa kuzichunguza familia za askari waliopotea vitani Vietnam, na akaeleza jinsi huzuni inavyokwama pale aliyepotea hajafa wala hajarudi. Baadaye alionyesha kwamba hali hiyo ipo pia pale mwili wa mtu upo nyumbani lakini yeye mwenyewe hayupo. Huo ni msiba usio na matanga. Hakuna siku ya kuanua, hakuna majirani wanaokuja kukaa nawe. Na sasa aliyepotea amerudi, amenenepa, anacheka, na watu wanataka ufurahi mara moja, wakati wewe ndiyo kwanza unapata ruhusa ya kumlilia yule mvulana wa zamani na ile miaka yenu ambayo hairudi.

Niseme jambo la haki kwa mama yako pia, si kwa kumtetea. Kaka yako alipoanza, nchi nzima haikuwa na kliniki hata moja ya methadoni. Ya kwanza ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011, kisha ndiyo zikafuata Mwananyamala na nyingine. Heroini yenyewe ilikuwa imeshaingia pwani yetu tangu miaka ya 1980. Kwa miaka zaidi ya 20 familia za Kinondoni, Temeke, Tanga, Unguja na Mombasa ziliachiwa dua, polisi, kufuli na kumpeleka mtoto kijijini. Mama aliyeambiwa na mtaa kuwa teja ni matokeo ya malezi mabaya alikuwa na sababu ya kufunga madirisha na kusema mambo ya ndani yasitoke nje. Ukimya ule ulimsitiri yeye. Wewe ulikugharimu. Yote mawili ni kweli, na huhitaji kuchagua moja.

Kuhusu kaka mwenyewe, "amepona" ni neno ambalo wataalamu wa uraibu hatulitumii kirahisi. Methadoni ni dawa ya jamii moja na heroini, ila huingia mwilini polepole na kukaa zaidi ya siku nzima, kwa hiyo dozi moja ya kunywa kila siku humwondolea arosto bila kumpandisha na kumshusha kama kete. Wanaosema "amebadilisha ulevi tu" wanakosea, na kama kuna mtu kwenye familia anamshinikiza aache haraka, mkatazeni. Wanaokaa kwenye dawa kwa muda mrefu ndio wanaofanya vizuri, na dawa hiyo inapunguza vifo. Lakini ni tiba ya ugonjwa unaoweza kurudi. Anayerudia heroini baada ya kuacha tiba yuko kwenye hatari kubwa, maana mwili hauvumilii tena kiwango kile cha zamani na anaweza kufa kwa dozi ambayo zamani aliitumia kila siku. Mpango wowote unaomhusu unapaswa kuanzia hapo.

Sasa niwe mkweli kuhusu uamuzi wa kikao: ni mpango mbaya kwake na kwako. Dawa hii kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu wa kliniki, na kliniki hizi hazipo kila mahali. Kumhamisha mgonjwa ni jambo linalopangwa kati ya kliniki na kliniki kabla ya safari, kwa barua na dozi inayojulikana. Halipangwi kwenye kikao cha wajomba. Hapo Dar ana kazi, ana wenzake waliotoka soba pamoja, ana wauguzi wanaomjua. Hofu ya maskani ya zamani ni ya kweli, ila wanaoweza kumshauri ahame au abaki ni watu wa kliniki yake. Na kwako, kuishi nyumba moja na mtu ambaye mwili wako unamhusisha na usiku ule, wakati hujaanza matibabu, ni kujiweka kwenye king'ora mchana na usiku. Mtoto wako angekua anasoma uso wako kama wewe ulivyosoma hatua za kaka. Tena mumeo hajaulizwa, na ni nyumba yake pia.

Kwa hiyo kataa. Najua uzito wa neno hilo kwa binti wa pwani aliyelelewa kuitika. Huhitaji kulieleza na huhitaji kutoa siri yako ili ukubaliwe. Mpigie mjomba au yeyote aliyeongoza kikao, mtu mmoja tu, uongee kwa adabu na kwa ufupi: "Mjomba, nimefikiria na mwenzangu. Kwa sasa hatutaweza kumpokea kaka, na afya yangu haiko sawa, niko kwenye matibabu. Naomba mwongee kwanza na daktari wake wa Mwananyamala kabla ya kumhamisha popote." Atauliza una nini. Mjibu kuwa daktari anaangalia. Wakikuambia umebadilika, ni kweli, umebadilika.

Msamaha nao una mambo yake. Wanaopita soba hausi nyingi hufuata mpango wa kuacha uraibu wenye hatua 12, na mojawapo ni kuwaendea watu waliowakosea na kurekebisha. Ninaamini kaka yako alikupigia kwa moyo safi. Lakini hatua hiyo hiyo, ya tisa, ina sharti lake: mtu asifanye hivyo pale ambapo itamwumiza mwenzake. Yeye hakujua angekuumiza, kwa sababu hajui usiku ule uliishaje baada ya yeye kuruka ukuta. Una ruhusa ya kurudi nyuma kwenye ile "yameisha." Unaweza kumwandikia: "Kaka, nimefurahi umepata nafuu. Kuna mambo bado siko tayari kuyaongea, nikiwa tayari nitakutafuta." Kama yuko imara kwenye nafuu yake ataweza kulibeba hilo. Na dini zetu zinazosisitiza msamaha hazikusema mwenye kusamehe arudi kulala mlango wazi. Unaweza kumsamehe na bado usimpe ufunguo. Unaweza pia usimsamehe mwaka huu.

Umwambie nani kuhusu usiku ule? Hapa sina jibu moja. Mumeo, kwa maoni yangu, mapema, na kwa ufupi tu: kwamba ulikabwa ukiwa mwanafunzi, kwamba mwili haujasahau, na kwamba asikushike shingoni wala asikushtukize kwa nyuma. Maelezo mengine yatafuata ukitaka. Mama ni mgumu zaidi. Wapo wanaowaambia mama zao na kupata kumbatio walilolisubiri maisha yote. Wapo wanaojibiwa "mbona hukusema?" au "hayo yamepita, usimrudishe mwenzio nyuma," na jibu hilo huumiza kuliko tukio. Ningependa umwambie, lakini baada ya kuwa na mtu wa kukushika kama jibu litakuwa baya. Kaka awe wa mwisho, na ikiwezekana mbele ya mshauri. Yuko mdogo wenu pia. Alikuwa na miaka sita, alikuwa ndani ya nyumba ile, leo ni kijana wa miaka 22 hivi. Huenda anabeba vipande vyake na anadhani wewe umeshasahau. Usimfungulie wewe jambo hilo kwa sasa, ila akilileta, usimwambie walikuwa wezi.

Shangazi na jini. Sitamdharau shangazi, anaona mtoto wa kaka yake anateketea na anatoa anachokijua. Kama dua na kisomo vinakutuliza, endelea navyo, vinaweza kwenda pamoja na hospitali. Mipaka yangu ni mitatu tu: asikupige wala kukufungia mtu yeyote, usiambiwe uache dawa, na usilazimishwe kutaja hadharani kilichokupata.

Vidonge ndivyo vinavyonipa wasiwasi zaidi katika barua yako yote, na hukuvitaja jina. Kama ni piritoni, inakusinzisha tu, na baada ya muda mfupi mwili unaizoea. Kama ni diazepamu au dada zake, hiyo ni hatari nyingine. Inatuliza usiku wa leo, haitibu jeraha, na inaweza kukwamisha tiba ya kumbukumbu hizi. Inajenga utegemezi ndani ya wiki chache. Uchunguzi wa mapacha unaonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti kati ya watu katika uwezekano wa kupata uraibu inatokana na urithi. Haina maana kuwa utafuata njia ya kaka, lakini una sababu zaidi ya mtu mwingine ya kutocheza na dawa hizi. Kama umezitumia kila siku kwa wiki kadhaa, usiziache ghafla, unaweza kupata hata degedege. Nenda kwa daktari na pakiti mkononi, apange namna ya kupunguza.

Matibabu yapo, na yanafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani. Dalili ulizoeleza zinafanana sana na ugonjwa wa akili unaofuata kiwewe, yaani jeraha la akili linaloachwa na tukio la kutisha, ingawa siwezi kukupima kwa barua. Unaweza kujitokeza kikamilifu miaka mingi baada ya tukio, hilo linajulikana. Tiba mbili zenye ushahidi mkubwa, ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwaka 2013 kwa watu wazima wenye ugonjwa huo, ni tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe, na ile ya kuikumbuka taswira huku macho yakifuata mkono wa mtaalamu upande hadi upande. Zote mbili hukusogeza polepole kwenye kumbukumbu ukiwa salama, mpaka ubongo uipe tarehe yake. Nguvu ya ugonjwa huu iko kwenye kukwepa: kila unapokimbia mlio wa geti, ubongo unahesabu kuwa kweli kulikuwa na hatari. Lakini usijirushe mwenyewe, wala usikubali mtu akulazimishe kusimulia yote kwa kikao kimoja, hilo limeonekana halisaidii. Tiba nzuri huanzia kwenye usingizi, pumzi, na kujirudisha mahali ulipo: kutaja tarehe ya leo kwa sauti, kukanyaga sakafu, kugusa kitu ambacho hakikuwepo usiku ule, kama pete yako ya ndoa. Unaweza kuanza na hayo leo hii. Kwa wengi tiba yenyewe huchukua miezi michache. Zipo pia dawa za kundi la sonona, kama setralini, zinazowasaidia baadhi ya watu na ambazo hazileti uraibu, lakini hizo huandikwa na daktari.

Uko Mwanza, kwa hiyo anzia idara ya magonjwa ya akili ya hospitali ya Bugando. Ukifika, huhitaji kusimulia kila kitu mapokezini. Sema: "Nilishambuliwa nikiwa mtoto, silali, nashtuka, na ninatumia vidonge vya usingizi." Muulize mtaalamu utakayepewa kama amewahi kutibu watu waliopata kiwewe, na kwa njia gani. Ni swali la haki, anayelichukia akubadilishie mwenzake. Ukikuta anakuhubiria kuhusu msamaha kwenye kikao cha kwanza, tafuta mwingine. Mafundi wa tiba hii ni wachache nchini na huenda utasubiri, ila kusubiri ukiwa kwenye orodha si sawa na kusubiri peke yako. Kwa familia zenye mtu anayetumia dawa, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ni 119. Msomaji aliye Kenya apige 1192 ya NACADA, mamlaka ya huko inayopambana na ulevi na dawa za kulevya.

Usisubiri miadi, nenda hospitali siku hiyohiyo, ukianza kufikiria kujiua au kwamba familia itakuwa bora bila wewe, ukipita siku mbili tatu bila usingizi kabisa, ukisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, ukijikuta umerudi kwenye usiku ule ukiwa umembeba mtoto au unavuka barabara, au ukiongeza vidonge au pombe ili uweze kuvumilia. Mumeo ajue orodha hii, maana wewe mwenyewe umezoea kusema uko sawa.

Kama kutakuwa na harusi au msiba Kinondoni kabla hujapata nafuu, na unataka kwenda, nenda na mumeo, mlale gesti badala ya nyumbani, na mkubaliane mapema ishara ya kuondoka bila kuaga watu wote. Kama hutaki kwenda, tuma mchango wako na salamu.